Juu ya Giza la Mashairi

Barua mbili zimekaa mezani petu tangu mazishi ya mzee mmoja, katekista wa zamani katika kijiji cha upande wa Kabambare. Zote mbili zasema juu ya jambo moja, nazo zapingana.

Ya kwanza imeandikwa na mwalimu wa dini aliyekuwako. Anaeleza kwamba siku ile fratri mmoja, kijana wa parokia ile ile, alisimama karibu na sanduku la maiti, akasoma shairi alilolitunga kwa heshima ya marehemu. Beti zilikuwa kumi na mbili, vina sawasawa, mizani nane kwa nane pasipo kosa. Watu walinyamaza wote, hata watoto. Alipokwisha, mama mjane alimgeukia jirani yake, akamwuliza: "Amesema nini juu ya baba yao?" Jirani hakujua. Akamwuliza mwingine, naye hakujua. Ndipo mtu mmoja akamjibu, kusudi amtulize: "Amesema vizuri, mama." Mwalimu anamaliza barua yake kwa kutuuliza kama shairi la namna hii ni la watu, ao ni la nani.

Ya pili ni ya fratri mwenyewe. Haombi radhi. Asema shairi si tangazo la soko. Kwamba mtu asiyefahamu anaweza kujifunza. Kwamba hata Euphrase Kezilahabi alilaumiwa vile vile, na leo anasomwa katika vyuo vikuu. Tena kwamba washairi wa Kifaransa aliofundishwa masomoni, na Mallarmé wa kwanza wao, hawakuuliza kama mama wa kijijini atawasikia.

Nasi tunalo la kukiri kabla ya kutoa neno. Shairi lile lilipita mikononi mwetu siku mbili kabla ya mazishi. Tulilisoma, tukalisifu, tukasahihisha mahali pamoja palipokosa mizani, tukamrudishia mwenyewe. Hatukujiuliza mama mjane atasikia nini. Kwa hiyo hatukai hapa kama hakimu kati ya watu wawili. Sisi ni wa tatu katika kesi, na pengine mwenye kosa kubwa zaidi, maana kijana alikuwa na haraka na huzuni, lakini sisi tulikuwa tumeketi na kalamu nyekundu.

Tumelisoma tena shairi lile. Maana yake si ngumu hata kidogo. Linasema kwamba mzee alikuwa mtu mwema, kwamba alifundisha dini kwa miaka mingi, kwamba macho yake yamefumba na njia yake imekwisha. Ni jambo ambalo kila mtu pale kaburini alilijua tayari. Lakini fratri hakuandika "njia", aliandika "ndia". Hakuandika "macho", aliandika "mato". Wala "kichwa", aliandika "kitwa". Na mengine zaidi ya ishirini ya namna hiyo, aliyoyatoa katika kamusi na katika diwani za Mombasa na Lamu. Hilo ndilo giza la kwanza, giza la maneno, na tungependa kukaa hapo kidogo, maana sisi watu wa Maniema tuna sababu zetu za kulijua.

Kiswahili hakikufika Kasongo ndani ya diwani. Kilifika na misafara ya Waungwana katika karne ya 19, na Tippu Tip alipofanya Kasongo kuwa kiti cha utawala wake kikawa lugha ya soko, ya safari na ya amri. Askari wa serikali ya Leopold walipouteka mji mwaka wa 1893, wakubwa wa zamani waliondoka, lugha ikabaki. Kisha mapadri waliichukua kwa katekisimu na kwa masomo. Lakini mashairi ya pwani hayakupanda msafara. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alikufa mwaka wa 1840, kabla Waungwana hawajajenga hapa hata nyumba moja. Tulirithi lugha bila kurithi maktaba yake. Ndiyo maana mtu wa Kasongo anayesema Kiswahili tangu tumboni mwa mama yake, tena akijivuna kwamba Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha Bukavu na cha Lubumbashi, afungua diwani ya zamani na kujiona mgeni.

Basi, je, giza hili ni kosa la mshairi wa pwani? Sivyo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitiwa gerezani mwaka wa 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuiuliza Kenya inakwenda wapi. Alikaa humo mpaka mwaka wa 1972, na humo alitunga mashairi akiyaandika kwa siri juu ya karatasi ya choo. Kitabu chake, Sauti ya Dhiki, kilitokea mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo lenye jina la Jomo Kenyatta, ndiye rais ambaye serikali yake ilimfunga. Lugha ya kitabu ni Kimvita. Ndani yake "ndia" ni njia, kwa sababu nyumbani kwa Abdilatif mama akimwita mtoto atoke njiani asema hivyo hivyo. Hakuvaa neno lile kama joho la sikukuu. Ni shati lake la kila siku, na gerezani, pasipo mtu wa kusema naye, tunawaza kwamba lilimpa joto.

Sasa tazameni fratri wetu alivyofanya. Alichukua lugha ya nyumbani ya mtu mwingine, akaifanya pambo. Kama angetaka kweli kumfuata Abdilatif, angetafuta maneno ya mama yake mwenyewe, Kiswahili cha Kabambare kilichochanganyika na Kibangubangu, akayatia katika mizani. Hapo mtu wa Mombasa ndiye angelazimika kutafuta kamusi, na ingekuwa haki.

Tena giza la maneno si zito kama linavyoonekana. Miaka michache iliyopita tulisoma Al-Inkishafi pamoja na makatekista waliokuja Kasongo kwa mafunzo. Utenzi huu ulitungwa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mwenye kutunga ausemesha moyo wake, akiuonyesha mji wake ulioanguka, kusudi uache kupenda dunia. Mara ya kwanza tuliusoma kwa sauti, nao hawakusikia karibu neno. Ndipo tukaandika ubaoni maneno kama arobaini pamoja na maana zake. Neno moja hatukuwa na haja ya kulifasiria: "mtima". Mwanafunzi wa Dar es Salaam hulitafuta katika kamusi, lakini kwetu wengi walicheka kwa furaha, maana katika lugha nyingi za huku moyo huitwa hivyo ao karibu hivyo. Kumbe mshairi wa Pate alikuwa ametuachia mlango mmoja wazi, wala hakujua.

Tuliposoma mara ya pili tulifika mahali panaposimuliwa nyumba za matajiri: taa zimezimika, ndege wa porini wamelala mahali palipopangwa sahani za thamani, wakubwa waliokalia viti vizuri wako chini ya udongo. Mzee mmoja alinyosha mkono. Akasema: "Hii ni Tongoni." Wote wakanyamaza. Wasomaji wetu wa mbali wajue kwamba Tongoni ni mahali pa Kasongo ya zamani, mji wa Waungwana, na jina lenyewe maana yake ni mahali palipohamwa. Watu wa hapa wamepita pale tangu utoto. Wamesikia kwa babu zao habari za wakubwa waliokuwa na watumwa mamia na mamia, nao leo hawana hata kaburi linalojulikana. Kwa nusu saa mzee yule alitufasiria Al-Inkishafi vizuri kuliko utangulizi wowote tuliousoma. Alikuwa ametengwa na shairi kwa maneno arobaini tu. Yalipoondolewa, aliingia mpaka chumba cha ndani.

Hilo ndilo tunaloliita giza lenye ufunguo. Kazi ya mwalimu ni ndogo: ubao, chaki na subira.

Lakini fratri amemtaja Kezilahabi kuwa wakili wake, na hapa tunafikiri amekosea wakili. Kezilahabi alizaliwa mwaka wa 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, akapita seminarini kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafa mwaka wa 2020. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Kichomi, kilitokea mwaka wa 1974, na kelele iliyofuata haijanyamaza kabisa hata leo. Aliacha vina, aliacha mizani. Wakubwa wa ushairi wa mapokeo walikataa kuyaita mashairi. Hata hivi, katika utangulizi wa kitabu kile, yeye mwenyewe alijitetea kwa sababu ambayo fratri wetu angeona haya kuisoma: kwamba anatumia lugha ya kawaida, lugha ya watu katika mazungumzo yao ya siku kwa siku, kusudi ushairi uwakaribie. Yaani Kezilahabi hakusema kwamba watu wajifunze. Alisema amewafuata mahali walipo.

Je, aliwafikia? Tulijaribu na makatekista wale wale, kesho yake. Tuliwasomea shairi moja la Kichomi. Hapakuwa na neno la kuandika ubaoni. Kila neno walilijua. Tulipomaliza walingoja, wakidhani tungali tunaendelea. Kisha mmoja akauliza: "Halafu?" Na mwingine, mtu mwenye akili sana, akatuambia kwa taratibu: "Maneno yote nimeyasikia. Shairi sijalisikia."

Hilo ndilo giza la pili, giza la maana. Hatulidharau. Kuna mambo yaliyo na giza ndani yake yenyewe, na mshairi akiyaangazia kwa nguvu huyaharibu. Mtu anayesema habari za kufa, ao za kutomwamini tena mtu uliyemwamini, ao za nchi iliyoahidiwa uhuru ikapewa kitu kingine, si lazima asikike mara moja kama mwenye kutangaza bei ya chumvi. Katika Kichomi mna mashairi ambayo tuliyasoma mara nne, na mara ya nne yakatushika mbavuni, kama jina la kitabu linavyosema. Kitabu chake cha pili cha mashairi, cha mwaka wa 1988, kinaitwa Karibu Ndani. Hapo twakiri kwamba mara nyingine tulikaribishwa, tukavuka kizingiti, tukakuta chumba hakina kiti. Pengine ni uzito wa akili yetu. Lakini miaka imepita, nasi tungali tumesimama, na tunaanza kufikiri kwamba mwenye nyumba alikuwa akiongea na mtu mwingine.

Juu ya vina, tunaona kwamba pande zote mbili zilishindana juu ya jambo lisilo moyo wa habari. Waliosema kwamba vina huleta nuru wasome shairi la fratri wetu: vina kamili, giza kamili. Waliosema vina ni minyororo tu hawakufikiri sana juu ya masikio. Watu wetu hawasomi mashairi, wanayasikia. Shairi lenye vina na mizani, hata kama hukulifahamu, unaweza kulibeba kichwani mpaka nyumbani, ukalisema peke yako shambani, ukamwuliza mtu baada ya mwezi. Wazee wetu waliimba Dies irae kwenye mazishi kwa Kilatini, hawakujua neno hata moja, nalo likawakaa kwa miaka hamsini. Wengine walipata kufasiriwa uzeeni, wakaogopa kwa kuchelewa. Shairi huru lisilofahamika halina mpini wa kulishika. Laanguka pale pale mlangoni pa kanisa, na mtu arudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo kusema, mwenye kuacha vina amejitwika deni: kile ambacho vina vilikuwa vikishika, sasa lazima kishikwe na maana. Kezilahabi, katika mashairi yake yaliyo bora, alilipa deni lile. Wengi waliomwiga hawakulipa.

Hapa mtu wa Pangi atatukatiza, na ana haki. Atasema: ninyi wa Kasongo mnasema juu ya giza kana kwamba lilikuja na vitabu. Warega walikuwa na giza lao zamani. Ni kweli. Warega hutunga kamba ndefu waliyoitundika vitu vidogo vidogo, ganda, unyoya, kipande cha mti, na kila kitu ni mithali. Mzee ashika kitu, kijana atafuta neno. Na katika bwami, chama chao cha hekima, mtu akipandishwa daraja alionyeshwa sanamu ndogo za mti ao za pembe, na kila moja ilitolewa pamoja na mithali iliyoimbwa na kuchezwa. Asiyeingizwa aliona sanamu tu, uso wenye macho mawili. Aliyeingizwa aliona mtu fulani, tabia fulani, onyo fulani. Daniel Biebuyck, aliyekaa kwao miaka ya 1950 na kuandika kitabu kikubwa juu yao mwaka wa 1973, ameonyesha kwamba kitu kimoja kiliweza kubeba mithali zaidi ya moja, kadiri ya mahali na mwimbaji.

Giza kama lile ni zito kuliko la Kezilahabi. Lakini lilikuwa na nyumba. Palikuwa na mlango, palikuwa na ada, palikuwa na wazee waliojua, na kijana alijua kwamba siku moja zamu yake ingefika. Hakuachwa nje na shairi, alingoja. Mwaka wa 1948 serikali ya Wabelgiji ilikataza bwami. Sanamu nyingi zilichukuliwa, na leo ziko katika nyumba za ukumbusho Ulaya, Tervuren na kwingine, ndani ya vioo, na chini yake pameandikwa kabila, mti na urefu. Mithali haikuandikwa, maana mara nyingi aliyenunua hakuiuliza. Wenye kupita husimama, husema ni nzuri, huenda. Kama mama mjane alivyoambiwa: amesema vizuri.

Tunapomfikiria fratri wetu, hilo latutia wasiwasi kuliko maneno ya Kimvita. Yeye asema watu wajifunze. Vema. Wajifunze wapi? Mrega aliyetunga giza alijenga pia mahali pa kulitoa. Yeye alisoma, akakunja karatasi, akarudi seminarini na gari la saa nane.

Mtakatifu Augustino, ambaye alikuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kuwa askofu wa Hippo, aliuliza habari hii katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristu, alichokianza karibu na mwaka wa 396 akakimaliza karibu miaka thelathini baadaye. Wafratri wanakijua, ao wangepaswa kukijua. Anachukua mfano wa Wimbo Ulio Bora, mahali meno ya mpenzi yanapofananishwa na kundi la kondoo waliokatwa manyoya. Asema kwamba maana ya fumbo lile angeweza kuipewa kwa maneno meupe, wala asijifunze pungufu. Hata hivi fumbo lampendeza zaidi, na kwa nini lampendeza aona ni vigumu kusema. Sisi twampenda sana kwa ukiri huu. Mtu mwenye akili ile, asiyeshindwa na swali, akubali kwamba hajui kwa nini kondoo wenye kutoka majini wamemfurahisha.

Lakini Augustino hakuishia hapo. Aongeza kwamba karibu hakuna jambo lililofichwa mahali penye giza katika Maandiko lisilopatikana mahali pengine kwa uwazi mtupu: penye wazi ni pa kushibisha wenye njaa, penye giza ni pa kuwaondolea kinaa wenye kushiba. Na katika sehemu ya mwisho, anaposema na wale wanaosimama mbele ya watu, awakataza kuiga giza lile. Awataka watazame nyuso za wasikilizaji, waligeuze neno kwa njia hii na ile mpaka waone kwamba limefahamika. Na asema wazi kwamba hilo hawaliwezi wale waliokuja na maneno waliyokwisha kuyapanga na kuyashika kwa moyo.

Tungependa fratri asome mahali pale mara mbili. Shairi la kitabuni laweza kungoja: msomaji alilaza, alirudia, aliuliza. Shairi la kaburini lasikika mara moja tu, na watu wamechoka, hawakulala usiku, sanduku liko wazi mbele yao. Mallarmé aliandika kwa watu wachache wenye meza na taa, tena Wafaransa wenyewe hukiri kwamba ni mgumu. Hatumlaumu. Lakini hakuenda kumsomea mjane kijijini.

Tusije tukaeleweka vibaya na mwalimu aliyetuletea barua ya kwanza. Yeye, mwishoni mwa barua yake, aomba kwamba kuanzia sasa mashairi yote ya parokia yawe "rahisi". Tumekwisha kuona rahisi hiyo. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki, alikuwa mtu wa bara kama sisi aliyejifunza ushairi wa pwani mpaka akatoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka wa 1963. Ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa ngonjera, mashairi ya kujibizana, ambamo asiyejua auliza na mwenye kujua afasiria. Tunaiona kuwa fikira nzuri sana: mama mjane mwenye swali lake ameingizwa ndani ya shairi, akapewa ubeti. Lakini baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 ngonjera zilitumiwa mashuleni kufundisha siasa ya Ujamaa, na katika nyingi za wakati ule mjinga amewekwa pale kusudi ashindwe tu. Swali lake si swali. Tangu ubeti wa pili mnajua jinsi atakavyotubu katika ubeti wa mwisho. Hakuna giza hata chembe, wala hakuna mtu. Na sisi tunazo nyimbo za namna ile katika daftari zetu za kanisa, hatutazitaja, wenye kuziimba wanazijua kwa kupiga miayo.

Shairi la mzee wetu halikuhitaji kuwa rahisi kwa namna hiyo. Lilihitaji kumjua. Fratri alificha kwa maneno magumu jambo dogo, kwamba hakuwa na habari za kusema. "Mtu mwema, mwalimu wa miaka mingi": hayo huandikwa juu ya kila msalaba. Giza lake halikutoka katika kina cha jambo, lilitoka katika utupu wake, na sisi tuliokagua mizani hatukuuona utupu.

Tulimwandikia haya yote, kwa maneno machache kuliko hapa, tukamwomba jambo moja: aende kwa mama mjane, asichukue karatasi, amwulize mzee alikuwa akitembea namna gani.

Alikwenda wakati wa likizo. Mama alimwambia habari nyingi, na moja fratri ametuandikia. Miaka ile ya 1970 mzee alikuwa na viatu jozi moja, alivyopewa siku alipotumwa kufundisha. Alikuwa akitembea vijiji saba kwa juma, na viatu alivitundika begani kwa kamba, miguu mitupu njia nzima. Akifika kwenye kijito kilicho karibu na kijiji alinawa miguu, akavaa viatu, akaingia. Akitoka alivivua pale pale kijitoni. Viatu vile vilidumu miaka kumi na moja.

Siku ya arobaini fratri alisoma shairi jingine. Lina beti nne. Hatulichapi hapa, maana mama ameomba libaki la nyumba yake; lakini tumelisoma, na kalamu nyekundu tuliiacha kwenye sanduku. Vina vimepotea mahali pawili. Viatu viko begani tangu ubeti wa kwanza, na havishuki mpaka mstari wa mwisho, penye maji. Shairi halisemi maji yale ni ya kijito gani.

Mwalimu wa dini ametuandikia tena. Asema mama alimwomba kijana arudie, naye akarudia mara tatu. Wazee walifahamu mara moja, wengine wakalia. Lakini vijana, waliokua na pikipiki, walikaa nje baada ya chakula wakibishana mpaka usiku: mmoja asema mzee alikuwa bahili, mwingine asema aliona haya kuingia kwa watu na vumbi, wa tatu asema mtu haingii mahali patakatifu na viatu, mbona yeye alivivaa? Mwalimu atuuliza ni nani kati yao mwenye haki. Tumemjibu kwamba awaulize wazee kwanza, kisha atuandikie.